Filamu ya Kwaresima

Jumamosi iliyopita tulimzika Mama Resti huko Kilema, katika kihamba cha mumewe, shamba la ukoo wake, chini ya migomba, hatua chache kutoka jiko alilopikia. Padri alisema amerudi nyumbani. Waombolezaji wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimesafiri kutoka Dar mchana kutwa, miguu imevimba ndani ya viatu, na niliposikia neno hilo nikatazama chini, kwa sababu nilikuwa mtu pekee pale aliyewahi kumwona mama yule akiwa nyumbani kwake kweli, na hapakuwa hapo. Tangu nirudi sijafanya kazi ya maana. Nakaa mezani, nafungua dirisha, nalifunga. Kinachonijia ni mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa katika nyumba ile, na filamu moja niliyoitafsiri kwa kipaza sauti mbele ya watu waliodhani ni ya mtakatifu.

Nilikuwa nimemaliza chuo na sikuwa na kazi. Nilijitolea kufundisha Kiingereza na uraia katika sekondari iliyo karibu na misheni, kama walivyofanya wengi wa rika langu, tukisubiri ajira ambazo kila mwezi tuliambiwa ziko njiani. Shule ilinitafutia mahali pa kulala kwa Mzee Kanuti, mwenyekiti wa jumuiya, mtu mrefu, mkavu, aliyevaa koti hata jua linapowaka. Nilipewa kitanda katika chumba cha binti yake Restituta, ambaye kila mtu alimwita Resti. Kilikuwa chumba cha mbao, chenye dirisha moja lililotazama zizi la ng'ombe, na ukuta mwembamba kiasi kwamba nilimsikia Mzee upande wa pili akikohoa, akisali, akigeuka kitandani. Resti alikuwa na umri wangu. Alikuwa amebaki kumhudumia baba yake baada ya mama kuondoka. Alikamua, alikata majani, alipika, na jioni alikaa ukingoni mwa kitanda akiniuliza maswali ambayo chuoni hakuna aliyeniuliza. "Mwalimu, unasema huamini. Sasa ukiamka asubuhi unaanza na nini?"

Siku zile nilikuwa na majibu mengi. Nilibishana na katekista kuhusu utii, nikabishana na mkuu wa shule kuhusu fimbo, nikabishana na Mzee Kanuti mezani kuhusu kwa nini mwanamke hawezi kurithi shamba alilolilima. Mzee hakukasirika. Alitafuna ndizi zake taratibu, akafuta midomo, akasema, "Chuo kimekufundisha kuuliza. Kingekufundisha na kunyamaza ungekuwa umekamilika." Resti alicheka hadi akashika tumbo. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu kilikuwa cha mwisho kukisikia kabla ya Kwaresima.

Habari ya mama yake niliipata kwa vipande, vingi kutoka kwa jirani aliyeitwa Mama Aloyce, ambaye alikuja kuomba moto na kuondoka na habari. Kijijini ilisemwa kwamba Mzee alimfukuza mkewe. Mama Resti alikuwa akiishi Shirimatunda, nje ya mji wa Moshi, katika chumba cha kupanga. Kwa desturi ya pale, mume anayetaka mkewe arudi huenda kwa kaka za mke na mbege, pombe ya ndizi, hukaa, hunywa, huomba radhi, halafu hurudi naye. Mzee Kanuti hakwenda. Miaka ikapita. Mwaka ule, kabla sijafika, mama aliugua akalazwa hospitalini mjini, na Resti akashuka kumuuguza. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alimuuliza mama yake, kama watu wanavyoulizana wodini bila aibu, siku ikifika atalazwa wapi. Mama akajibu, "Popote."

Neno hilo lilimkaa Resti kama mfupa wa samaki kooni. "Popote," aliniambia. "Mtu gani anazikwa popote, Mwalimu? Mbwa?" Kwao, mtu hulazwa katika kihamba, kati ya migomba iliyomlisha. Mwanamke asiye na kihamba cha mume, na ambaye kaka zake wameoa na kujaza watoto, hana mahali. Resti alimwambia baba yake mara moja, kwa heshima, amrudishe mama. Baba akasema mlango haukufungwa kwa kufuli. Hakumwambia mara ya pili. Alisubiri Jumatano ya Majivu, akapakwa majivu pamoja na kijiji kizima, akarudi nyumbani, akapika machalari, ndizi na nyama, akampakulia baba, akanipakulia mimi, na yeye hakula.

Mzee alifurahi. Hilo ndilo jambo ambalo hata leo siwezi kulieleza bila kuchoka. Alidhani binti yake anafunga. Kila mtu alikuwa amefunga kitu wakati ule, huyu nyama, yule pombe, na hapa palikuwa na msichana aliyefunga kila kitu, anakunywa maji na chai ya rangi, anafanya kazi zote na hanung'uniki. Katika jumuiya alimtaja. Nilimsikia kupitia ukuta akimshukuru Mungu kwa ajili yake. Ni mimi tu niliyejua, kwa sababu nililala naye chumba kimoja na usiku wa kwanza aliniambia wazi, "Sitakula chakula cha nyumba hii mpaka mama aje kukila. Na wewe usiseme. Nikimwambia, atakuwa amepewa amri, na baba yangu hapokei amri. Nataka aone mwenyewe." Nikamwuliza, asipoona je? Akavuta blanketi. "Ana macho."

Wiki zikaenda. Nilimwona akipungua kwa namna unavyoona mwezi ukipungua, yaani huoni leo, unaona baada ya siku kadhaa. Alipovua gauni mgongo ulionekana kila pingili. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nilimletea mkate kutoka dukani, nikijitetea kwamba mkate si chakula cha nyumba ile. Aliushika, akaunusa, akanirudishia. "Nikila chako, atasema nilishiba kwa mwalimu."

Basi ikawa Mzee Kanuti alishuka Moshi mjini kununua dawa ya kahawa, na karibu na stendi akakuta kijana anayeuza filamu amezitandaza chini. Parokia ilikuwa imepata projekta kutoka kwa wafadhili, na padri alikuwa ameomba filamu ya kufaa Kwaresima. Juu ya jalada moja palikuwa na mwanamume mwenye ndevu, mbavu nje, amefungwa shuka jeupe, macho yametazama juu kwenye mwanga. Mzee hakusoma Kiingereza. Hakuhitaji. Aliinunua na kuja nayo ameikumbatia ndani ya koti. "Mwalimu," aliniambia, "hii ni ya mtakatifu aliyefunga mpaka akafa. Ijumaa utatutafsiria." Niligeuza jalada nikasoma nyuma. Ilikuwa filamu ya wafungwa wa kisiasa waliokataa kula gerezani. Ningeweza kumwambia. Nilimtazama Resti aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa, akatikisa kichwa kidogo sana, na mimi nikasema, "Sawa, Baba."

Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba, ukumbi wa parokia ulijaa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi na vitenge, na kitambaa cha kuonyeshea filamu kikatundikwa mbele. Jenereta lilinguruma nje kama mtu mwenye kikohozi. Mzee Kanuti alikaa mstari wa mbele na koti lake, mikono juu ya fimbo. Mimi nilisimama pembeni na kipaza sauti. Resti alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mwanzoni watu walitulia kwa ibada. Mfungwa aliletwa ndani ya chumba cha mawe, akavuliwa nguo, akapewa shuka. Mtu akasema, "Ndiyo hapo wanamvua," na kinamama wakapiga ishara ya msalaba. Halafu askari akaleta sahani. Mfungwa akaisukuma. Akaleta nyingine, yenye nyama. Akaisukuma. Mama Aloyce hakuweza kujizuia. "Ukisusa, wenzio wala," akasema, na ukumbi ukacheka. "Ailete huku basi," akajibu mzee mmoja, "na Kwaresima yangu naivunja." Hata mimi nilicheka kwenye kipaza sauti.

Kicheko kilikwisha polepole. Filamu ile haikuwa na haraka. Sahani ililetwa asubuhi, ikaachwa kando ya kitanda hadi ilipochukuliwa baridi, na kila siku chakula kilikuwa kizuri zaidi. Mfungwa alianza kutembea akishika ukuta. Mzee Kanuti akageuka kwangu, akauliza kwa sauti ya mwenyekiti, "Mwalimu, huyu anafunga kwa nia gani?"

Ni swali la Kikatoliki kabisa. Kila mfungo una nia yake, unauweka kwa ajili ya marehemu au mgonjwa au mvua. Nilijibu kwenye kipaza sauti kwa sababu nilikuwa nimekishika. "Hafungi, Baba. Amekataa chakula chao."

"Chao nani?"

"Cha wenye gereza. Wamechukua wenzake bila kesi. Anataka wawarudishe."

Ukumbi ukanung'unika. Kwenye kitambaa mkuu wa gereza alikuwa anazungumza na daktari, nami nikatafsiri: "Mwambieni hakuna anayemnyima. Chakula kiko pale. Akifa, amejiua mwenyewe." Mzee Kanuti akaitikia kwa kichwa. "Kweli," akasema. "Nani anamnyima?"

Kisha ikaja sehemu ambayo sijaisahau. Walimfunga mfungwa kwenye kiti wakampitisha mpira puani ili wamlishe kwa nguvu. Hapakuwa na maneno. Hapakuwa na la kutafsiri. Nilisimama na kipaza sauti mdomoni na kilichosikika ukumbini ni koo la mtu likipigana na mpira, kwa sauti kubwa ya parokia, na jenereta nje. Kinamama walifunika watoto macho. Mtu alisema, "Yesu wangu," akalirudia. Wakati huo mlango wa nyuma ukafunguka na mwanga wa jua la alasiri ukafagia kitambaa chote kikawa cheupe. Watu wakageuka kwa hasira. "Funga mlango!" Walichokiona ni Resti, anatoka nje, ameegemea ukuta kwa kiganja, anasogeza mguu, anasimama, anasogeza mwingine, kama yule mtu waliyekuwa wakimtazama. Gauni lilikuwa limemning'inia. Hakuna aliyesema tena afunge mlango. Mzee Kanuti alikuwa amegeuka kama wengine, na kwa mara ya kwanza katika Kwaresima ile nilimwona akimtazama binti yake.

Hatukuimaliza filamu. Nyumbani Mzee alikaa mezani na koti lake. Resti akampakulia. Akasukuma sahani mbele ya Resti. "Kula."

"Sijisikii, Baba."

"Restituta. Unafunga kwa nia gani?"

Alisimama ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. "Sifungi, Baba," akasema.

Nilitarajia kelele. Nilitarajia, pengine, machozi, kwa sababu nilikuwa kijana na niliamini kwamba ukweli ukishasemwa kitu hutokea. Mzee akaibeba sahani mwenyewe, akatoka nayo, akammwagia mbwa, akarudi akaiweka mezani tupu. "Basi na mimi sili," akasema. "Tutaona ni nani mwenye nyumba."

Nimeusoma upinzani wa wanyonge darasani, nimeandika juu yake hata insha iliyosifiwa. Hakuna kitabu kilichoniandaa kwa nyumba ambayo mfungwa na mkuu wa gereza wote wamegoma kula, kila mmoja akimpikia au kumkatia kuni mwenzake. Ilikuwa wiki ya adabu ya kutisha. Kupitia ukuta nilisikia, "Baba, maji ya kuoga tayari." "Asante, mwanangu." Nilikula peke yangu, haraka, jikoni, nikiona aibu kutafuna. Mama Aloyce alikuja kuomba moto, akachungulia, akasema, "Nyumba hii Pasaka mtaila kwa macho," lakini sauti yake haikuwa na mzaha. Jumuiya ilikuja kusali rozari. Mzee aliiongoza akiwa amekaa. Baada ya Jumapili ya Matawi Resti hakuamka tena kukamua. Nilimgusa mkono, ulikuwa baridi kama kikombe. Nikamwambia baba yake apelekwe hospitali. "Anipe ruhusa," alisema. "Mwambie aseme mwenyewe kwamba amechoka." Nikarudi kwa Resti. "Mwambie aende kwa wajomba na mbege," alisema, na baada ya hapo hakuweza kusema zaidi. Nilikuwa mtafsiri tena, kati ya watu wawili waliokuwa wakizungumza lugha moja.

Asubuhi iliyofuata nilishuka Shirimatunda bila kumwuliza yeyote.

Nilimkuta Mama Resti uani, anamwagilia mchicha kwa kopo lililotobolewa. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mwanamke aliyefukuzwa. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu, ingia, chumba ni hicho hicho." Palikuwa na kitanda, meza, redio inayoimba, na pazia la maua mekundu ambalo ni dhahiri alilichagua mwenyewe. Alikuwa anapika ugali na dagaa. Kilema katika miezi yote ile sikuwahi kuona dagaa, Mzee hakutaka harufu yake ipite mlangoni. Mama alikula kwa mikono, amekaa kwenye kizingiti, miguu ameinyoosha juani, akanisogezea bakuli. Alikuwa mnene kidogo. Alikuwa na furaha, sina neno jingine. Nilimwambia yote, nikimalizia na lile neno la hospitalini.

Aliacha kutafuna. "Nilisema popote," akasema, "kwa sababu ni popote. Nikishakufa nitajua wapi nimelala?" Akatikisa kichwa. "Hakunifukuza yule. Aliwaambia watu hivyo kuficha aibu. Niliondoka mwenyewe. Nilichoka kuulizwa nimetoka wapi. Kisimani, umetoka wapi. Kanisani, umetoka wapi. Hapa nikitaka nakula saa nne usiku, nikitaka silali. Hakuna anayeniuliza."

"Kwa hiyo hutaki kurudi."

"Nani aliyeniuliza kama nataka? Wewe ndiye wa kwanza."

Nikasema basi nitamwambia Resti hivyo, na ataacha. Nilisema kwa furaha kabisa, nikidhani nimelipata jibu. Mama akanawa mikono, taratibu, kidole kwa kidole. "Hutamwambia," akasema. "Mtu akikaa na njaa kwa ajili yako mpaka akaanguka, huwezi kumwambia hukumtuma. Atabaki na nini?" Akazima redio. Dagaa zilizobaki akampa mwenye nyumba. Akavaa kanga juu ya gauni, akachukua kikapu, na tulipofika njia ya kupanda hakutazama nyuma, mimi ndiye niliyetazama.

Aliingia kwake bila kaka zake, bila mbege, bila kuitwa. Kwa watu wa pale hiyo ni fedheha, na nilimwona Mama Aloyce kwenye uzio wake akifungua mdomo na kuufunga. Mama alipita mlango wa jikoni, akawasha moto, akamenya ndizi, akachemsha nyama, akaiponda pamoja nazo mpaka mtori ukawa laini kama wa mzazi. Akajaza mabakuli mawili. Akakaa kwenye kitanda cha Resti, akaweka kichwa cha binti yake mapajani.

"Nimekuja. Kula."

Resti alifumbua macho, akatazama mlangoni. Mzee alikuwa amesimama pale, ameshika fremu, koti limemlegea mabegani. Binti alikuwa anamsubiri yeye. Hata katika hali ile hakufungua mdomo. Nikafikiri Mzee hatasema, kwamba tutamzika mtu kwa sababu ya neno moja.

"Karibu, Mama Resti," Mzee akasema.

"Nimekaribia. Na wewe ukale, bakuli lako liko mezani. Usinitie aibu mbele ya mgeni."

Alimlisha binti yake vijiko vichache tu, akakataa kuongeza, akasema tumbo lililolala haliamshwi kwa kelele. Sebuleni tulisikia kijiko cha Mzee kikigonga bakuli. Resti alilia huku akimeza. "Haika, Mama," alisema. Haika ni asante. Mama alimfuta kidevu na hakujibu. Jioni hiyo, Mama akirudi kutoka kuchota maji, nilimsikia Mzee akiuliza kutoka kitini kwake, bila ubaya wowote, kwa mazoea tu, "Umetoka wapi?"

Nilikaa pale mpaka mwisho wa mwaka. Niliacha kubishana mezani. Mama Resti alinitunza kama wake, alipika machalari, alipika kiburu, alipika vizuri sana, na sikumwona tena akila dagaa. Baadaye nilipata kazi Dar, nikawa mtu mwenye maoni kwa mshahara. Jioni nilipopata habari za msiba niliitafuta filamu ile, nikaitazama peke yangu hadi mwisho ambao Kilema hatukuuona. Mfungwa anakufa. Wenzake wanarudishwa. Milango inafunguliwa na watu wanatoka wakipepesa macho. Kuna sehemu fupi, kabla ya pale tulipoishia ukumbini, ambapo mama wa mfungwa anakuja kumwona. Anakaa, anamshika mkono, na mwanawe anamweleza kwa nini anafanya hivi. Nilipoitafsiri sikuwa nimegundua kwamba yule mama, muda wote, hapewi hata neno moja la kusema.

Baada ya maziko tulikaa nyuma ya nyumba. Mzee Kanuti, haoni vizuri sasa, alikuwa kwenye kiti chake chini ya mparachichi, anamwuliza kila anayepita ametoka wapi. Resti ana watoto watatu na mikono ya mtu anayefanya kazi. Alinipakulia machalari, akakaa kando yangu na sahani yake, akatazama lile tuta jipya lenye maua, kwa uso wa mtu aliyelipia kitu na kukipata.

"Mwalimu," akasema, "ulishuka wewe kumwita siku ile. Sijawahi kukuuliza. Alikuwa anaishije kule?"

"Alikuwa na mchicha," nikasema.

"Alitaka kurudi?"

Aliuliza kwa utulivu, lakini kijiko chake kilikuwa kimesimama. Niliona macho yale yale yaliyomtazama baba yake mlangoni.

"Alitaka ule," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akala, na mimi nikala.